Modeli yangu inaijua sahani kuliko inavyoijua dawa: nimekosea wapi?

Kishimo_B02 anauliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninasoma shahada ya uzamili ya bioteknolojia, na andiko langu linahusu matumizi ya ujifunzaji wa mashine katika kuchambua picha za seli zilizowekewa dawa. Lengo langu la mbali ni ugonjwa wa kala-azar, unaoletwa na vimelea viitwavyo Leishmania, lakini kwa kuwa bado sina picha zangu mwenyewe, msimamizi wangu alinishauri nianze na seti ya picha iliyo wazi kwa umma inayoitwa BBBC021, ambayo bila shaka baadhi yenu mmekwisha kuipitia. Kwa wasioifahamu, ni picha za seli za saratani ya matiti za ukoo wa MCF-7, zilizooteshwa katika vishimo vidogo vya sahani za plastiki za maabara, zikawekewa kemikali 113 kwa viwango vinane vya ukali kwa muda wa saa 24, kisha zikapakwa rangi ya kuonyesha DNA, rangi ya kuonyesha nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo, na rangi ya kuonyesha tubulini, yaani protini inayojenga mirija midogo ya seli. Kati ya kemikali hizo, 38 zina lebo inayotaja namna zinavyofanya kazi ndani ya seli, na lebo hizo zimegawanyika katika makundi 12.

Nilikata kila seli katika kipande chake cha mraba, nikapata maelfu kwa maelfu ya vipande, nikavichanganya kama karata, kisha nikatenga sehemu nane kati ya kumi kwa kufundishia na mbili zilizobaki kwa kupimia. Nilitumia ResNet, mtandao wa neva wa kutambua picha, ambao ulikuwa umekwisha kufundishwa kwa picha za kawaida za ImageNet, nikauongezea mafunzo kwa vipande vyangu. Matokeo yalinifurahisha kupita kiasi, kwa sababu modeli ilikuwa ikitaja kundi la dawa kwa usahihi unaokaribia asilimia mia, na usiku uleule nikampelekea msimamizi wangu jedwali. Asubuhi alinijibu kwa sentensi moja tu: niondoe dawa moja nzima katika kufundisha, kisha niipime hiyo niliyoiondoa.

Nilianza na docetaxel, nikiamini kwamba haitanisumbua, kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa paclitaxel na zote mbili huzuia mirija midogo ya seli isibomoke. Modeli ilizitupa seli zake nyingi katika kundi lingine kabisa. Nikarudia kwa dawa nyingine, moja baada ya moja, na usahihi ukashuka hadi chini ya nusu.

Ninaomba kuelimishwa mambo mawili. Kwanza, nitajuaje modeli hii ilijifunza nini hasa, ikiwa haikujifunza kazi ya dawa? Pili, je, kuna njia ya kuiokoa kazi hii, au nianze upya?

Mwanahadubini anajibu:

Ndugu Kishimo_B02, hongera kwanza kwa kupata msimamizi mwenye jicho kali, maana wapo waliomaliza shahada huku jedwali la namna ile likiwa limefungwa salama ndani ya jalada gumu.

Kosa lako kubwa liko pale ulipochanganya vipande kama karata. Seli mbili zilizokaa jirani katika kishimo kimoja zimelishwa chakula kimoja, zimepakwa rangi kwa wakati mmoja na zimepigwa picha chini ya mwanga uleule. Ukimpeleka mmoja wa mapacha hao darasani na mwenzake ukamweka katika mtihani, modeli haihitaji kujua lolote kuhusu dawa, kwani inatosha ikikumbuka kishimo. Ni mwanafunzi aliyekariri mitihani ya miaka iliyopita, na siku ya mtihani akakuta maswali yaleyale: atapata alama zote, nawe hutajua kama ameelewa somo. Kwa hiyo unapogawa data, usigawe kwa seli wala kwa picha. Gawa kwa dawa, na ikiwezekana kwa mkupuo mzima wa majaribio, yaani sahani zote zilizofanyiwa kazi kwa pamoja.

Watafiti wanaotumia BBBC021 wamejiwekea utaratibu ambao ningekushauri uufuate neno kwa neno, ili namba zako ziweze kulinganishwa na za wengine. Seli zote za kishimo hufupishwa kuwa wasifu mmoja, yaani safu ya namba zinazoeleza ukubwa, umbo, mng'ao na mpangilio wa vitu ndani ya seli. Vishimo vilivyopewa dawa ileile kwa kiwango kilekile huunganishwa, na mwisho unabaki na wasifu 103 zenye lebo. Kila wasifu hutafutiwa jirani wake wa karibu zaidi, kwa sharti kwamba jirani huyo asitoke katika dawa ileile hata kama ni ya kiwango kingine. Jirani akiwa wa kundi lilelile, umepatia. Akiwa wa kundi lingine, umekosa. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Broad, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, pamoja na wenzao, walilinganisha njia kadhaa kwa utaratibu huu, na iliyofanya vizuri kuliko zote ilifika asilimia 94 kwa kutumia sifa zilizopimwa na programu ya CellProfiler, ambazo baadaye zilifupishwa kwa njia ya kitakwimu inayotafuta vigezo vichache vilivyojificha nyuma ya sifa nyingi. Hapakuwa na mtandao wa neva wenye tabaka nyingi katika kazi ile. Ninakutajia hilo kwa makusudi, kwa sababu vijana wengi hukimbilia ResNet kabla ya kujua njia ya kawaida ingewafikisha wapi.

Hata hivyo, sharti hilo bado lina mwanya. Picha za BBBC021 zilitengenezwa kwa mikupuo 10, na unaiona wazi katika majina ya folda, kuanzia Week1 hadi Week10. Iwapo dawa mbili za kundi moja zilifanyiwa kazi katika wiki moja, zinaweza kufanana kwa sababu ya wiki hiyo na si kwa sababu ya kazi yake, na kumwondoa mmoja hakusaidii, maana nduguye wa wiki bado yupo kumtambulisha. Ndiyo maana likawekwa sharti gumu zaidi, kwamba jirani asitoke katika dawa ileile wala katika mkupuo uleule. Yapo makundi ambayo dawa zake zote ziko katika mkupuo mmoja, na hayo hayapimiki kabisa kwa sharti hili, kwa hiyo usishtuke ukiona idadi ya wasifu imepungua.

Kuhusu swali lako la kwanza, kuna majaribio mawili ambayo hayachukui hata siku nzima. Chukua vishimo vya DMSO peke yake, yaani vile vilivyowekewa kimiminika cha kuyeyushia dawa bila dawa yoyote ndani yake, kisha ifundishe modeli ikuambie kila picha imetoka katika sahani ipi, ukitumia baadhi ya vishimo kufundishia na vingine kupimia. Seli hizo hazikupewa dawa, na kwa mtazamo wa kibiolojia hakuna sababu ya sahani moja kutofautiana na nyingine, kwa hiyo kila kitu ambacho modeli itakitumia kujibu ni alama ya sahani. Jaribio la pili lina aibu zaidi. Kata vipande vya mahali pasipo na seli, pale penye weusi mtupu wa mandharinyuma, uviingize katika ile modeli yako ya kwanza iliyokufurahisha. Ikitaja dawa vizuri kuliko mtu anayebahatisha, utakuwa umepata jibu lako.

Swali la pili: ndiyo, kazi inaokoka. Hatua ya kwanza ni kusawazisha kila sahani kwa vishimo vyake yenyewe vya DMSO. Kwa kila sifa unatoa thamani ya kati ya DMSO ya sahani hiyo, kisha unagawanya kwa kipimo cha mtawanyiko wake, kama vile muuza nyama anavyoirudisha mizani kwenye sifuri kabla ya kumpimia mteja anayefuata. Hatua ya pili ilielezwa mwaka 2017 na watafiti wa Google, nami naiona kuwa ni wazo zuri kuliko mitandao mingi niliyowahi kuisoma. Walisema kwamba kwa kuwa vishimo vya DMSO vya sahani zote vilipaswa kufanana, basi pande zote, yaani michanganyiko ya sifa, ambazo vishimo hivyo vinatofautiana ni kelele. Tafuta pande hizo, uzibane, kisha uzibane vivyo hivyo kwa wasifu za dawa. Kinachobaki baada ya hapo kina nafasi kubwa ya kuwa kazi ya dawa.

Ukitaka kuona kwamba tatizo hili si lako peke yako, tazama seti ya RxRx1 iliyotolewa na kampuni ya Recursion mwaka 2019, ambayo ina picha 125,510 za seli za aina nne kutoka katika majaribio 51 tofauti. Ilitengenezwa kwa shabaha hiyo hasa, na mashindano ya wazi yakafanywa mwaka huohuo ili ionekane ni nani anayeweza kutambua jeni iliyozimwa, kati ya aina 1,108 za vizimaji, katika jaribio ambalo modeli haijawahi kuliona.

Mzee wa Pipeti anajibu:

Mwanahadubini ameeleza vyema upande wa hesabu, nami niongeze upande wa benchi, kwa kuwa nimetumia miaka mingi nikidondosha vimiminika katika vishimo kabla watu hawajaanza kuyaita hayo data.

Mwanangu Kishimo, jina ulilojichagulia linanifurahisha. Fungua tena majina ya faili zako uyatazame kwa makini: utaona B02, utaona G11, lakini hutaona A01 wala H12. Picha ni za maeneo 13,200, sahani ni 55, kwa hiyo kila sahani ina maeneo 240, yaani vishimo 60 vilivyopigwa picha mara nne kila kimoja. Sahani yenyewe ina vishimo 96. Vile 36 vya pembezoni viliachwa kwa sababu maji ya ukingoni huvukiza haraka, chumvi inapanda, seli zinasinyaa, na kama umeweka dawa hapo utadhani dawa ndiyo iliyozisinyaza. Walioandaa seti hiyo walikuwa watu wa maabara kabla ya kuwa watu wa kompyuta, na inaonekana.

Nikupe kisa changu. Katika maabara moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, tulipaka rangi sahani ishirini na kitu kwa siku moja, na hadubini yetu ilikuwa na uwezo wa kupiga picha sahani moja kwa takribani saa moja. Sahani zikapanga foleni. Ya kwanza ilipigwa picha mchana, ya mwisho asubuhi ya siku iliyofuata, na katika muda huo rangi ya mitokondria ilikuwa inafifia kidogo kidogo bila jicho la mtu kugundua. Kijana wetu wa kompyuta alituletea ugunduzi kwamba kemikali fulani zinadhoofisha mitokondria, tena kwa mpangilio wa kupendeza sana. Tukafurahi kwa muda wa wiki mbili hivi, tukaanza hata kuzungumzia kuagiza kemikali hizo kwa wingi. Siku moja fundi wa hadubini, ambaye hakuwa amealikwa katika vikao vyetu, alitazama mchoro ukutani akauliza kwa nini tumechora ratiba yake ya usiku.

Tangu hapo nina masharti yangu. Dawa ileile isikae katika kishimo kilekile katika kila sahani, bali ihamehame. Kila sahani iwe na DMSO yake na iwe na dawa ambayo kazi yake inajulikana, ili ukiona dawa hiyo imekosa kuonyesha kazi yake ujue sahani nzima imeharibika. Sahani za dawa moja zisifuatane katika foleni ya hadubini. Mwanga wa hadubini usahihishwe kabla ya kupima chochote, kwa kuwa karibu kila lenzi huangaza katikati kuliko pembeni, na CellProfiler ina zana ya kufanya hivyo. Zaidi ya hayo, hesabu seli katika kila kishimo na uiweke idadi hiyo pembeni kama sifa inayojitegemea, kwa sababu dawa inayoua seli nyingi huacha nafasi, waliobaki wakajitanua, na modeli ikajifunza msongamano huku wewe ukidhani imejifunza kazi ya dawa. Ukipata usahihi unaokaribiana kwa kutumia idadi ya seli peke yake, jiulize mtandao wako wa neva umeongeza nini.

Sharti la mwisho ni kwamba ufungue picha uzitazame kwa macho yako. Tazama paclitaxel: badala ya kiini kimoja cha mviringo utaona kiini kilichogawanyika vipande vidogo vidogo kama karanga zilizomwagika juu ya meza, na tubulini imejikusanya kuwa mafungu mazito. Tazama vincristine au nocodazole, ambazo zinafanya kinyume chake: mtandao wa tubulini umeyeyuka, umebaki ukungu. Tazama zile zinazozuia Eg5, protini inayosaidia seli kugawanyika, uone seli iliyokwama katikati ya kugawanyika, kromosomu zimejipanga duara na tubulini imetoka katikati yake kama miale ya jua. Ukishazizoea hizo, siku modeli ikikuambia kwamba docetaxel ni kitu kingine utaikatalia bila kusubiri jedwali.

Mfamasia Mdadisi anajibu:

Nimesoma kwa makini, na ninakubali kwamba mafundi mnajua kazi yenu. Swali langu ni la mtu anayesimama upande wa pili wa kaunta. Kampuni hiyohiyo ya Recursion, yenye makao yake Salt Lake City, ilianza na kazi iliyochapishwa mwaka 2015, ambapo kemikali 2,100 zilizokwisha kujulikana zilichujwa kwa picha za seli zilizozimwa jeni ya CCM2, ambayo kasoro yake husababisha mishipa ya damu ya ubongo kuvimba na kuvuja. Zikajitokeza mbili, vitamini D3 na tempol. Tempol ikapewa jina la REC-994, ikapelekwa kwa wagonjwa hadi awamu ya pili ya majaribio, ikaonekana kuwa salama, na Mei 2025 kampuni ikatangaza kuachana nayo kwa kuwa data za muda mrefu hazikuthibitisha dalili za manufaa zilizoonekana mwanzoni. Ni miaka kumi kutoka kwenye picha hadi kwenye tangazo hilo. Je, tatizo ni sahani kweli, au ni kwamba umbo la seli ndani ya plastiki halituambii mengi kuhusu mgonjwa?

Mwanahadubini anajibu:

Ni swali la haki, na sina jibu la kukuridhisha kikamilifu. Niseme tu kwamba tunachanganya vitu viwili. Kuchuja dawa kwa kutazama seli nzima, bila kuchagua mapema protini ya kulenga, ni njia ya zamani kuliko kompyuta. Watafiti Swinney na Anthony walichapisha mwaka 2011 hesabu ya dawa za molekuli ndogo zilizoidhinishwa Marekani kati ya 1999 na 2008 zikiwa za kwanza za aina yake, wakaona kwamba kati ya 50, dawa 28 zilitokana na njia hii na 17 zilitokana na kulenga protini iliyochaguliwa. Kwa hiyo seli nzima imekwisha kutoa dawa, tena nyingi. Ujifunzaji wa mashine unabadilisha kitu kimoja tu, nacho ni kwamba zamani mtafiti alipima jambo moja katika picha, sasa anapima mamia. Mbinu ya upakaji rangi inayotumika sana leo, iliyobuniwa na watu wa Broad, hutumia rangi sita katika chaneli tano na kuonyesha sehemu nane za seli, na kutoka kwa kila seli hupatikana takribani sifa 1,500.

Faida yake, kwa maoni yangu, si kutabiri nani atapona. Ni kukuambia mapema kwamba kemikali yako mpya inafanana na kitu kinachojulikana, labda sumu, labda dawa nzuri, kabla hujatumia fedha nyingi. REC-994 ilishindwa mahali ambapo dawa nyingi za kila asili hushindwa, yaani kwa binadamu. Hapo picha haina la kujitetea, na wala sidhani kama iliwahi kuahidi, ingawa wauzaji wake waliahidi.

Mfamasia Mdadisi anajibu:

Wauzaji ndio ninaokutana nao mimi. Lakini nimekuelewa.

Usubi anajibu:

Ndugu Kishimo_B02, mimi ninafanya kazi na vimelea vya Leishmania, na nadhani umejichagulia mtihani mgumu kuliko ule unaokungoja. Swali la BBBC021 ni hili: dawa hii ni ya kundi gani kati ya 12? Swali la kala-azar, angalau katika hatua ya kwanza ya uchujaji, ni jepesi zaidi kulieleza: ndani ya seli mlaji (seli ya kinga inayomeza vijidudu) iliyoambukizwa kuna vimelea vingapi, na je, seli yenyewe bado ni hai? Dawa inayopunguza vimelea kwa kuiua seli inayovibeba haina maana kwa mgonjwa wa Baringo au Turkana.

Ugumu wake uko kwingine. Kimelea kikiwa ndani ya seli ni kidogo, kina kama mikromita mbili hadi nne, kina kiini chake na kina doa lingine dogo la DNA liitwalo kinetoplasti, na vikijazana kumi ndani ya seli moja hung'aa kama punje za mtama zilizoshikana. Rangi ya DNA huonyesha kiini kikubwa cha seli mlaji na nukta hizo zote kwa pamoja, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuchora mipaka: hapa seli, hapa kiini chake, hapa kimelea kimoja na si viwili. Kwa mipaka ya seli ningekushauri ujaribu programu ya Cellpose, iliyochapishwa na watafiti wa taasisi ya Janelia ya Marekani na inayopatikana bure, kabla hujafundisha chochote chako. Kwa vimelea huenda ukalazimika kuweka alama kwa mkono katika picha kadhaa. Kaa na mtu aliyezoea hadubini, muweke alama kila mmoja kivyake, kisha mlinganishe. Nyinyi wawili mkitofautiana sana katika kuhesabu, msitarajie mashine iwashinde.

Ushauri wa Mzee wa Pipeti kuhusu ukingo na foleni unakuhusu hata zaidi huku, kwa sababu kiwango cha maambukizi chenyewe hubadilika siku hadi siku kabla dawa haijaingia. Weka katika kila sahani vishimo vilivyoambukizwa bila dawa, vishimo visivyoambukizwa kabisa, na vishimo vya amphotericin B, ambayo tayari hutumika kutibu kala-azar, kama dawa ya kulinganishia.

Jambo dogo kuhusu lebo: katika BBBC021, sehemu ya lebo iliwekwa kwa watu kuzitazama picha kwa macho, na sehemu nyingine kwa kutegemea yaliyoandikwa kuhusu dawa hizo. Kwa yale makundi yaliyoonekana kwa macho, si ajabu mashine nayo ikiyaona. Usijisifie sana hapo.

Kishimo_B02 anajibu:

Ndugu zangu, ninawashukuru nyote, na samahani kwa kukaa kimya kwa siku kadhaa. Nilikuwa ninafanya mliyoniagiza.

Jaribio la DMSO limenivua nguo. Modeli ilitaja sahani sahihi mara nyingi zaidi ya kukosa, ingawa ndani ya picha hizo hapakuwa na dawa yoyote. Kisha nikakata vipande vya mandharinyuma, nikaviingiza katika modeli yangu ya kwanza, nayo ikaendelea kutaja makundi ya dawa kwa kujiamini, mbali juu ya kubahatisha. Nilichora ramani ya sehemu za picha zilizokuwa zikiiongoza, na katika picha nyingi rangi nyekundu ilikuwa imejikusanya katika pembe moja ya juu, mahali ambapo mwanga wa hadubini unafifia. Msimamizi wangu aliitazama ramani hiyo akacheka, mimi sikucheka.

Nimeanza upya kwa CellProfiler katika kompyuta mpakato yangu, ambayo inachukua usiku kucha kwa sahani chache, lakini inamaliza. Nimesahihisha mwanga, nimesawazisha kila sahani kwa DMSO yake, na sasa ninatumia lile sharti gumu la dawa na mkupuo. Bado sijafika 94 ya mwaka 2013, hata kwa sharti lile jepesi. Makundi ya aktini na ya tubulini yanajitenga vizuri, pande zote mbili, zile zinazoshikilia mirija na zile zinazoibomoa, na docetaxel imerudi kwa nduguye paclitaxel. Yale ya kuharibu DNA na ya kuzuia unakiliwaji wake yanaendelea kuingiliana, na nilipofungua picha zenyewe kama alivyoniambia Mzee, hata mimi sikuweza kuyatenganisha.

Idadi ya seli peke yake imenipa usahihi ambao nisingependa kuutaja hapa mpaka nihakikishe sikukosea.

Ndugu Usubi, nimeelewa kuhusu vishimo vya ulinganisho, na mwezi ujao nitapata nafasi ya sahani mbili za majaribio katika maabara tunayoshirikiana nayo. Mzee wa Pipeti, ukiwa na muda, ningependa uutazame mchoro wa mpangilio wa vishimo kabla sijadondosha tone la kwanza. Nimeuacha ukingo wote mtupu, nimezihamisha dawa kati ya sahani ya kwanza na ya pili, ila nimekwama mahali pa kuweka amphotericin B, kwa sababu kila nikiitawanya inanila vishimo vya dawa nilizotaka kuzipima.

Mzee wa Pipeti anajibu:

Utume mchoro. Na punguza dawa, si vishimo vya ulinganisho.